Kabla ya Video Yako ya Kahawa: Watu Wasio na Majina Nyuma ya Kisagio cha Mkono

Hii umeshaiona mara mia. Video ya sekunde 30, jua la asubuhi dirishani, mkono wenye bangili unazungusha mpini wa kamashine kadogo ka chuma, krrr krrr krrr, halafu maji ya moto, halafu mvuke, halafu maandishi ya "asubuhi njema". Kwenye komenti maswali ni mawili tu: kikombe umenunua wapi, na hiyo mashine bei gani. Mimi nasubiri siku mtu atauliza swali la tatu: nani aliifanya ikawa hivyo?

Maana jibu lake ni tamu kuliko bei. Mashine ya mkono ya kusagia kahawa, ambayo hapa nitaiita kisagio ili tusichoke, ina historia ya mamia ya miaka, na karibu kila hatua kubwa ya historia hiyo imefanywa na mtu asiye na jina. Mpishi wa kambini, mfua shaba, mama wa nyumbani, mtu mmoja na tepu yake jikoni saa tano usiku. Kampuni zimekuja na nembo zao na kuvuna, sawa, ndiyo biashara. Ila ukifuatilia stori yenyewe unagundua kampuni mara nyingi zilikuwa zinafuata nyuma ya watu wa kawaida walioshindwa kuvumilia kahawa mbaya.

Mwanzo ni kinu na mchi

Tuanze nyumbani kwa kahawa yenyewe, Ethiopia. Kwenye nyumba ambayo bado wanaiandaa kwa utaratibu wao wa asili, mwanamke anakaa kwenye kigoda, anaosha buni, anazikaanga mbele ya wageni mpaka moshi unafika kwa jirani, kisha anazitwanga kwenye kinu kidogo kinachoitwa mukecha kwa mchi unaoitwa zenezena. Mashine haipo. Kuna mkono na subira.

Kahawa ilipovuka bahari kwenda Yemen na kusambaa Uarabuni, kinu kikaenda nayo. Kwa Mabedui wa Jordan na jangwa la Syria kinu cha mti cha kahawa, mihbaj, ni chombo cha kazi na ni ngoma kwa wakati mmoja. Anayetwanga hatwangi ovyo, anapiga mdundo, na mdundo ukisikika kwenye mahema ya jirani watu wanajua kahawa ipo, karibuni. Hiyo ndiyo notifikesheni ya kwanza ya kahawa duniani, na ilikuwa haihitaji bando.

Pwani yetu nasi tuliipata kahawa kwa mlango huohuo, ndiyo maana hata jina tumelichukua kwa Waarabu, kutoka neno lao qahwa. Kahawa chungu ya Lamu, Mombasa, Unguja na vijiwe vya Kariakoo ni mtoto wa familia hiyo: inatwangwa, inachemshwa kwenye dele juu ya mkaa, tangawizi kidogo, kashata pembeni, na siasa nyingi. Watu wamekaa barazani wakiisubiri miaka na miaka kabla hakujatokea mtu wa kukuambia kahawa ni "mtindo wa maisha".

Halafu kuna Bukoba, ambao wao waliruka hatua nzima. Kwa Wahaya kahawa ilikuwa ya kutafuna. Matunda huchunwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni akifika anapewa atafune. Wahaya na majirani zao Waganda waliitumia mpaka kwenye udugu wa kuchanjiana: tunda moja la kahawa lina punje mbili, basi kila mmoja anakula yake na mnakuwa ndugu. Ukimwambia mzee wa namna hiyo habari za kisagio cha dola mia mbili atakutazama tu.

Sasa kwa nini mtu aliacha kinu? Sababu ni ya kiufundi na ni rahisi. Mchi unaponda, haukati. Ukitwanga kahawa unapata vumbi, unapata chenga, unapata na mapande, vyote kwenye kinu kimoja. Kwa kahawa ya kuchemsha muda mrefu hiyo si shida kubwa. Lakini Waturuki walitaka kitu kingine. Katikati ya miaka ya 1500 Istanbul ilishapata migahawa ya kahawa, na kahawa ya kule inapikwa kwa unga laini kabisa, laini kuliko unga wa ngano, unaotuama wenyewe chini ya kikombe. Kupata unga wa hivyo kwa mchi ni mateso.

Hapo wakatokea wafua shaba. Wakatengeneza bomba jembamba la shaba, ndani yake meno mawili ya chuma, moja limetulia na jingine linazunguka, juu mpini unaokunjwa na kuingia ndani ya bomba lenyewe ukimaliza. Msafiri anaubeba mfukoni. Sasa chukua kisagio chochote kinachouzwa mtandaoni leo, kile chembamba cha chuma cha pua kinachoonekana kama kimetoka maabara, kiweke kando ya kile cha shaba. Ni ndugu wa tumbo moja. Bomba, meno, mpini juu, chombo cha unga chini. Mamia ya miaka na umbo halijabadilika sana, na hakuna kitabu kinachotaja jina la fundi wa kwanza aliyelifikiria.

Majina yanaanza kuonekana pale pesa zinapoanza. Mwaka 1779 Mwingereza Richard Dearmann alipewa hataza ya kisagio cha kahawa. Mwaka 1798 Mmarekani Thomas Bruff naye akapata ya kwake, kisagio cha kupigilia ukutani. Hataza ni karatasi inayosema wazo hili ni langu, wengine msiguse. Sina ugomvi na hao wawili. Nakumbusha tu kwamba wakati wanaandikiwa karatasi, watu walikuwa wameshasaga kahawa kwa mashine zaidi ya miaka mia moja.

Simba wa Pijo alianzia jikoni

Hapa kuna kipande nakipenda. Wazee wenu, wale wanaosema "gari ilikuwa Pijo bwana", wamepanda 404 na 504 barabara zote za vumbi za Kenya na Tanzania. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha ikashinda tena mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mtu wa Afrika Mashariki akimwona yule simba anafikiria injini.

Kumbe simba yule asili yake ni misumeno. Familia ya Peugeot huko mashariki mwa Ufaransa ilikuwa ya wafua chuma, na nembo ya simba iliwekwa kusifia ukali wa meno ya misumeno yao. Mwaka 1840 wakaanza kutengeneza visagio vya kahawa. Gari lao la kwanza limekuja 1889. Yaani kwa karibu miaka 50 Peugeot ilikuwa jina la jikoni kabla halijawa jina la barabarani, na visagio vinauzwa kwa jina hilo mpaka leo.

Kwa nini walifaulu? Kwa sababu mtu anayejua kutengeneza meno ya msumeno anajua siri ya kisagio: kila kitu kiko kwenye meno. Meno ya juu makubwa yanavunja punje vipandevipande, meno ya chini madogo yanasaga vile vipande kuwa unga. Chuma kigumu, makali yanadumu. Juu ya hayo meno wakaweka kisanduku cha mbao chenye droo ya kudondoshea unga, na Ulaya nzima ikajaa visanduku hivyo.

Lakini angalia kisanduku chenyewe. Vile vya Kijerumani, kwa mfano vya Zassenhaus, kampuni ya tangu 1867, vingine mbao zake za pembeni zimebonyea kwa ndani. Kwa nini? Kwa sababu ukikiweka mezani na kuzungusha, kisanduku nacho kinataka kuzunguka. Ukikibana katikati ya magoti kinatulia. Huyo aliyegundua magoti hakuwa injinia, nakuhakikishia. Ni mtu aliyekuwa anasaga kila asubuhi, pengine bibi, pengine binti wa kazi, pengine mtoto aliyetumwa jikoni. Mbao zilikuja kuchongwa kufuata magoti ya mtu huyo.

Marekani kuna stori kali zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865. Jeshi la Kaskazini lilikuwa linakunywa kahawa kama maji: mgao wa askari mmoja ulikuwa kama ratili 36 kwa mwaka, kilo 16 na ushee. Mara nyingi walipewa punje nzima, kwa hiyo askari akatumia alichonacho. Ndoo, na kitako cha bunduki. Kule Kusini ambako meli zilizuiwa na kahawa ikakosekana, watu wakakaanga na kusaga shayiri, viazi vitamu, mbegu za bamia, chochote chenye kutoa rangi nyeusi, wakafumba macho na kunywa.

Katikati ya hali hiyo kukatokea bunduki chache za aina ya Sharps zilizotobolewa kwenye kitako na kuwekwa kisagio ndani yake, na mpini wa kuzungushia ubavuni. Bunduki yenye kisagio! Miaka mingi ilisemekana ni ya kusagia kahawa, na hata leo ukiitafuta mtandaoni utakuta kichwa cha habari cha hivyo. Waliozikagua kwa karibu wanasema kahawa haisagiki vizuri humo, na kwamba yaelekea ilikusudiwa nafaka. Ngano hiyo ilidumu kwa sababu inaeleweka: mtu yeyote aliyewahi kuamka bila kahawa anaamini kabisa kwamba askari angeichonga bunduki yake ili aipate.

Baada ya vita, kampuni ya Arbuckle ikaanza kuuza kahawa iliyokwisha kukaangwa, punje zake zimepakwa yai na sukari zisichuje. Wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani wakaipenda, na kwenye kila pakiti kulikuwa na pipi ya mnanaa. Mpishi wa kambi alikuwa akiuliza nani anataka pipi jioni ile, na wanaume wazima wenye bastola kiunoni waligombania, kwa sababu anayepata pipi ndiye anayesaga kahawa. Kazi ya mkono ilishakuwa adhabu inayohitaji kutiwa sukari.

Na ndiyo iliyoimaliza. Mwaka 1900 kampuni ya Hills Bros ya San Francisco ikaanza kufungasha kahawa kwenye makopo yaliyotolewa hewa. Mwaka 1938 ikaja Nescafé, koroga unywe. Visagio vikapanda darini, vikawa mapambo, vikaoteshwa maua.

Na sisi tunaolima je?

Nisipite hapa kimya, maana historia hii inatuhusu kwa namna inayouma kidogo. Wakati visagio vinazunguka Ulaya, kahawa yenyewe ilikuwa inalimwa huku. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema walikuwa wameshaanzisha kahawa Kilimanjaro kabla ya 1900. Wachagga walipoanza kuilima kwa nguvu, walowezi wakalalamika wazuiwe, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha KNPA kujitetea, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na KNCU mwaka 1933. Kenya ilikuwa mbaya zaidi: kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika alizuiwa kulima kahawa, na hata ilipofunguliwa miaka ya 1930 ilikuwa ni maeneo machache kama Kisii, Meru na Embu, kwa masharti.

Kwa hiyo mzozo wote ulikuwa nani alime na nani auze. Kusaga hakukujadiliwa. Buni ilitoka kijani kwenye gunia, ikapanda meli, ikakaangwa na kusagwa kwa wenzetu, na sehemu kubwa ya bei ikabaki kule. Matokeo yake mnayajua. Kuna nyumba Moshi na Nyeri ambazo zimesomesha watoto mpaka chuo kikuu kwa kahawa, na kwenye kabati la jikoni hakuna chombo cha kuisagia. Kuna majani ya chai. Mgeni akiheshimiwa sana anapewa ya kopo, na angalau Bukoba kuna kiwanda kinachotengeneza hiyo ya kopo hapahapa.

Ndiyo maana mimi simcheki kijana wa Sinza au Kilimani anayenunua kisagio. Watu wanasema ni ushamba wa mjini, anaiga Wazungu. Anaiga nini? Mashine ni ya Istanbul, kahawa ni ya Mbinga, na kazi anaifanya kwa mkono wake.

Tepu ya fundi bomba

Sasa tufike kwa watu ninaowaheshimu kuliko wote kwenye stori hii. Kiswahili cha mtaani kina neno kuchakachua, lakini lina harufu ya petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Natamani tungekuwa na neno zuri la kuchakachua kwa wema, kwa sababu ndicho walichofanya.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 watu wa majumbani, hasa Marekani na Ulaya, walianza kurudi kwenye kahawa ya kusaga wenyewe. Sababu ilikuwa ladha: kahawa ikishasagwa harufu inaondoka upesi sana, na kisagio cha umeme kilichosaga vizuri kilikuwa bei mbaya. Wakaanza kushusha visagio vya bibi darini, wanavifungua, wananoa, wanabadilisha springi. Kisha Wajapani wakaleta vipya vya bei nafuu. Kilichoteka wengi ni Skerton ya Hario, kampuni ya vyombo vya kioo iliyoanzishwa 1921. Chini chupa ya kioo, juu mpini, katikati meno ya kauri yasiyoshika kutu.

Skerton ilikuwa na kasoro moja kubwa. Jino la ndani limefungwa kwenye shafti, na shafti imeshikwa kwa juu tu. Chini inaning'inia. Ukisaga laini, meno yamekaribiana sana na yanashikana yenyewe, hakuna neno. Lakini ukilegeza nati ili upate chenga kubwa, jino linaanza kuyumba kama tairi lililolegea nati. Upande mmoja nafasi inakuwa kubwa, upande mwingine ndogo. Unapata mapande na vumbi kwa pamoja. Umerudi kwenye kinu na mchi, tena kwa pesa.

Na hapa kwenye ladha ndipo penyewe. Vumbi linaachia kila kitu haraka kwenye maji, mpaka uchungu. Mapande yanaachia kidogo tu, yanabaki na ukali wa ndimu. Kikombe kimoja kinakuwa kichungu na kichachu kwa mpigo, na wewe unalaumu kahawa au maji, kumbe jino linacheza.

Mtu fulani, sijui ni wa nchi gani na hakuna anayejua, akachukua tepu ile nyeupe ya mafundi bomba, ile ya kuzungushia kwenye nyuzi za koki isivuje, akaizungusha kwenye shafti pale inapopita kwenye plastiki. Mizunguko michache tu. Uwazi ukajaa, shafti ikatulia. Tepu ile ni laini na inateleza, kwa hiyo haikabi. Mwingine akatumia kipande cha mpira. Mwingine akakunja kipande cha chuma akakifunga chini ili shafti ishikwe pande zote mbili. Picha zikapigwa, zikapandishwa, watu wakaiga, wakaboresha. Baada ya muda wakatokea wauzaji wa vipande hivyo vilivyokwisha kutengenezwa, na mwishowe Hario wenyewe wakatoa Skerton Pro, ambayo jino lake la ndani limetulizwa. Kwenye boksi lake hakuna shukrani kwa yule wa tepu.

Kama una kisagio cha bei nafuu nyumbani, kipimo chao cha kuyumba unaweza kukifanya leo. Paka wino wa maka kwenye ukingo wa jino la ndani, kote. Rudishia, kaza mpaka meno yaguse kidogo sana, zungusha mara mbili tatu, fungua utazame. Wino ukifutika duara zima kwa usawa, meno yako yamenyooka. Ukifutika upande mmoja tu, yamelala. Watu wanaweka kipande chembamba cha karatasi ya alumini, ile ya kufunikia chakula, chini ya jino la nje kwa upande ulio chini, wanapima tena mpaka linyooke. Futa wino wote kwa spiriti kabla hujasaga kahawa. Si kazi ngumu, inataka jioni moja isiyo na mechi.

Kuna na wale wa drili. Wanaondoa mpini, wanafunga soketi kwenye nati ya juu, wanasaga kwa drili ya ukutani. Inafanya kazi, na video zake zinachekesha. Binafsi siishabikii: drili ina nguvu kuliko kauri, punje moja ngumu au kijiwe kikiingia jino linakatika. Tena unapoteza kile kitu kizuri cha kisagio cha mkono, kwamba mkono unasikia. Punje zilizokaangwa kidogo ni ngumu, utazisikia begani. Zilizokaangwa sana zinavunjika kama njugu. Huhitaji kusoma pakiti.

Na mwisho wa orodha ya mashujaa kuna wa tone la maji. Umeshaona unga wa kahawa unavyorukaruka na kung'ang'ania kwenye kopo? Ni umeme tuli, ule unaofanya nywele zisimame ukivua sweta. Katikati ya miaka ya 2000 mnywaji mmoja wa nyumbani, David Ross, alieleza mtandaoni mbinu yake: kabla ya kusaga, lowanisha punje kidogo kabisa, tone moja tu, kwa mfano kwa kuchovya mpini wa kijiko kwenye maji na kuzikorogea. Unga unatulia, unashuka wote. Huyu ana bahati, jina lake lilibaki, ingawa wengi wanaitumia mbinu hiyo bila kujua ni la nani.

Wataalamu wengine waliiona kama uganga wa jikoni. Ikakaa hivyo karibu miaka ishirini. Mwezi Desemba 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, akiwemo mkemia Christopher Hendon, wakachapisha utafiti wao kwenye jarida la Matter, na waliofanya naye kazi walikuwa watu wa volkano. Ndiyo, volkano, kwa sababu majivu yakisuguana angani yanajaa umeme mpaka yanapiga radi, na kahawa ikivunjika kwenye meno inafanya mambo yaleyale kwa udogo. Wakaona kwamba kahawa iliyokaangwa sana na kukauka inabeba umeme mwingi zaidi, na kwamba maji kidogo yanaupunguza kweli. Si usafi wa meza peke yake: unga usioshikana mabonge unapitisha maji kwa usawa, na espreso inatoka nzito zaidi kwa kahawa ileile. Tone la jikoni likapata cheti cha maabara.

Basi kwa matumizi ya kwako. Kwa kahawa chungu ya kuchemsha kaza mpaka upate unga laini, utachukua muda, badilishaneni mikono. Kwa ile mashine ndogo ya jikoni inayopandisha kahawa juu, legeza mpaka ifanane na chumvi ya mezani. Kwa chujio la karatasi, legeza kidogo tena. Kwa birika la kioo la kubonyeza, chenga kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Pima gramu 15 mpaka 18 kwa kikombe kimoja kikubwa, na saga hizo tu. Usikioshe kisagio cha chuma kwa maji, kipige burashi kavu. Na iliki, jamani, iliki itwange pembeni kwenye kinu. Ikiingia kwenye yale meno haitoki mpaka Ramadhani ijayo.

Nina ombi moja. Najua kuna nyumba Unguja, Tanga, Mombasa, Bukoba, hata za ndugu zetu walioko Muscat, ambako kuna kisagio cha zamani au kinu cha kahawa kilichopasuka kikafungwa waya, mpini wake wa kwanza umekatika ukawekwa wa mti wa mpera, skrubu si yake. Piga picha, weka kwenye komenti hapo chini. Ila usiandike tu ni cha mwaka gani. Muulize bibi au babu nani alifunga ule waya, na uandike jina lake.